Krismasi Niliyoipika Mapema

Nianze na hili, mtu asije akasoma nusu akanihukumu: kupika najua, na kupika napenda. Nilizaliwa Kegonga, kule Kuria, kwa mama aliyekuwa akisonga ugali wa wimbi wa kulisha wanaume waliotoka kuvuna tumbaku na njaa zao, na hakuna sufuria inayonitisha. Ninachokataa, na nitakikataa hadi niingie kaburini, ni ile imani kwamba sikukuu haijawa sikukuu mpaka mwanamke mmoja aonekane jikoni na macho mekundu kwa moshi, huku wengine wamekaa kivulini wakiuliza chakula kimefika wapi.

Niliolewa kwa Wajaluo, kisiwani Rusinga. Mume wangu na mimi tuna nyumba yetu ndani ya boma la mama yake, na ndugu zake wote wako Nairobi na kwingineko, wakitafuta maisha. Krismasi ikifika wote wanarudi nyumbani na wake zao, watoto wao, na marafiki ambao hatukuambiwa. Wanateremka garini wakinyoosha miguu, wanasema aki kumbe nyumbani ni nyumbani, kisha wanakaa. Tangu mwaka nilioolewa, anayesimama ni mimi. Mama mkwe ndiye kichwa cha jiko na mimi ndiye mikono.

Mama mkwe anajua Kiswahili cha soko la Mbita. Mimi najua Kidholuo cha kuungaunga. Hapo katikati ndipo tunapogombana na ndipo tunapopatana. Ananiita nyar Kuria, yaani binti wa Kuria, kwa kuwa huku mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kule alikotoka. Akiwa amefurahi analitamka kwa kuvuta, akiwa na hasira analikata kama kuni.

Sasa sikia shida yangu ilikuwa wapi. Kanisa letu halina kasisi wa kukaa. Yupo mmoja anayezunguka makanisa mengi ya kisiwani na ya ng'ambo, na kwetu anakuja kubatiza watoto sikukuu mbili tu, Krismasi na Pasaka. Hebu fikiria mwenyewe. Mwanamke wa boma ambalo watu hukusanyika sikukuu, mtoto wake anatiwa maji saa ileile yeye anapuliza moto. Hakuna aliyelipanga liwe hivyo, lakini pia hakuna aliyewahi kuliona ni shida, na hilo ndilo lililonichoma.

Kwa binti yangu wa kwanza nilikubali. Nilikuwa mgeni bado. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu pale Mbita, kwa hiyo nguo nyeupe ya ubatizo nilimshonea mwenyewe, nikaitia lesi shingoni, nikamkabidhi baba yake. Mimi nikabaki nyuma ya jiko nikiosha matumbo ya ng'ombe. Waliporudi, nguo ilikuwa na alama ya maji kifuani, imeshakauka karibu yote. Nikamuuliza mume wangu kama mtoto alilia. Akasema alilia kidogo. Nikauliza kidogo namna gani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani ambalo mwalimu hakulifundisha. Mpaka leo sijui mwanangu alilia namna gani.

Juzi ikafika zamu ya kitinda mimba wetu, msichana pia, ameanza tu kutembea. Jina lake liliandikwa kanisani abatizwe asubuhi ya Krismasi. Nikajiapia kwamba huyu nitamwona kwa macho yangu. Liwe liwalo.

Kazi yangu ndiyo iliyonipa akili. Desemba ni msimu wa sare za shule, na fundi anayekata nguo moja, anaishona, kisha anakata nyingine, atatukanwa na wazazi mpaka Pasaka. Mimi nakata zote kwanza. Natia kola zote, kisha mikono yote, kisha mapindo, na siku mzazi anakuja nabakisha vifungo. Nikajiuliza, kwa nini Krismasi nisiipike hivyo? Siku yenyewe nibakishe vifungo tu, yaani ugali na chai, mambo ambayo mtu anaweza kufanya akitoka kanisani.

Boma halina friji, na hata tungekuwa nayo, stima ya kisiwani ina mambo yake. Lakini watu wa huku hawakungoja friji. Wana aliya, nyama iliyochanwa vipande virefu, ikatiwa chumvi na kuanikwa juani, na ukiichemsha baadaye taratibu inashinda nyama yoyote ya buchani. Wana obambla, samaki wa ngege aliyepasuliwa na kukaushwa. Na mboga zao chungu wanazichemsha leo, wanatia maziwa, wanazilaza, kesho wanazichemsha tena na maziwa mengine, na siku ya tatu uchungu umetoka ndipo zinafika mezani. Yaani mboga bora kabisa ya boma hili ni mboga iliyolala, na sijawahi kusikia mtu akiiita kiporo. Haya yote nilifundishwa na mama mkwe mwenyewe.

Kwa hiyo nilipomweleza mpango wangu nilidhani atafurahi. Wapi. Aliniambia mgeni hapewi chakula kilicholala. Nikamkumbusha mboga. Akasema mboga ni mboga. Nikamkumbusha aliya. Akasema aliya ni ya kula sisi wenyewe baada ya sherehe, si ya kuanza nayo. Nikamwambia akiba haiozi. Akaniuliza tangu lini methali za Waswahili zikaingia kwenye jiko lake. Nikaona tukiendelea hivi tutafika Pasaka, nikanyamaza, na siku iliyofuata nikapanda pikipiki nikaenda buchani.

Nilirudi na nyama ya kutosha, nikaichana, nikaitia chumvi, nikaitundika kwenye kamba tatu kutoka ukuta wa jiko hadi kwenye mti wa siala. Cherehani yangu nilikuwa nimeileta nyumbani kutoka kibandani, nikaiweka chini ya ile nyama, nikawa nashona sare huku nafukuza mwewe na mbwa. Nilikuwa najiona nimeshinda. Kumbe kuna jambo sikulifikiria, na Mjaluo yeyote angelifikiria kabla ya kufunga fundo la kwanza la kamba.

Huku, nyama nyingi namna ile haianikwi bure. Kamba tatu maana yake ng'ombe ameanguka, na ng'ombe haanguki bila sababu. Ni harusi au ni matanga. Harusi hakuna aliyesikia. Jirani yetu wa kwanza alipita barabarani, akatazama kamba, akanitazama mimi nimeinamia kitambaa cheusi cha sketi za shule, akakata shauri. Alivua viatu langoni. Aliingia polepole, akanishika mkono, akasema pole. Nikadhani ananipa pole ya kazi, nikasema asante, tumezoea. Akaketi. Baada ya muda wakaja wengine wawili, mmoja na kilo ya sukari kwenye leso. Nikaona ni majirani wema wamekuja kunisaidia kufukuza mwewe, nikawapikia chai.

Mama mkwe alitoka shambani akakuta wanawake watatu wameketi kwenye ua wake, nyuso chini, viatu langoni, nyama imetundikwa. Alitupa jembe. Akapiga nduru iliyosikika ziwani, akauliza ni mwanangu yupi. Wale wanawake nao, ambao walikuwa wakingoja yeye ndiye awaambie, wakainuka wakapiga nduru pia. Ilinichukua muda kuwafanya wanisikilize kwamba hakuna aliyekufa, kwamba hii ni nyama ya Krismasi.

Kucheka kulikuja baadaye, na si kwake. Wale majirani walicheka kutoka langoni kwetu hadi makwao, na yule wa sukari akarudi kuchukua sukari yake. Mama mkwe aliniambia nimemletea msiba kwenye boma, niondoe ile nyama kabla mtu mwingine hajaja kulia. Nilimwomba msamaha kwa ule mshtuko, na nilimaanisha, kwa maana nilikuwa nimeuona uso wake. Lakini nyama sikuondoa. Nilisogeza kamba nyuma ya jiko, pasipoonekana na wapitaji, nikaendelea kufukuza mwewe. Hakunisemesha siku nzima ile na iliyofuata.

Wiki ya Krismasi nilikaa ngumu. Mboga ziliingia chunguni mapema, kila asubuhi nikiamka naziongeza maziwa. Chapati, ambazo ndizo humaliza mgongo wa mwanamke wa Kenya, nilizisukuma mkesha wa sikukuu mchana kutwa, nikazichoma kavu pande mbili bila mafuta, nikazipanga moja juu ya nyingine ndani ya leso safi. Siku yenyewe zinapitishwa kwenye mafuta kidogo tu zinakuwa kama zimetoka motoni. Aliya ilichemka taratibu hadi ikalainika. Jioni nilifunika sufuria ya mwisho, nikafagia jiko, nikasimama katikati yake nikaona halina cha kuniambia. Nilikuwa na furaha, nasema kweli. Nilikuwa nimechoka kwa wakati wangu mwenyewe.

Hapo ndipo shemeji yangu mkubwa alipofika kutoka Nairobi na mbuzi.

Alimtoa kwenye buti la gari, amefungwa miguu, analalamika. Shemeji si mtu mbaya. Ni mkarimu, ana kelele, na anaamini kila tatizo la nyumbani hutatuliwa kwa kuchinja kitu. Alifunua sufuria zangu moja moja, akacheka, akasema amekula vitu vya kuhifadhiwa mwaka mzima, hakuendesha gari kutoka mjini aje kupashiwa chakula. Akatangaza kwamba jogoo akiwika mbuzi anachinjwa, watu wale supu, wale matumbo, wale kitu kibichi. Wanaume wote wakaona ni neno. Mama mkwe naye akaitikia kwa kichwa akasema vizuri, nyar Kuria atabaki aoshe matumbo, mtoto ana baba wa kumpeleka.

Alivyosema ilikuwa kawaida kabisa, kama mtu anayesema kesho kutakuwa na jua.

"Mama," nikamwambia, "kesho naenda kanisani kuona mtoto wangu akibatizwa. Mbuzi abaki na aliyemleta."

Katika boma lile mke hajibu hivyo, na hajibu mbele ya shemeji zake, na kwa hakika hajibu akiwa amesimama mama mkwe ameketi. Najua. Nilijua nilipokuwa nasema. Niliingia ndani nikaanza kupiga pasi nguo ya mtoto.

Mume wangu alinifuata. Ni mtu mpole, hapendi kugawanywa. Aliniomba, kwa sauti ya kubembeleza, niamke mapema nioshe matumbo haraka haraka kisha nikimbie, nitawakuta kanisani. Nikamwambia kasisi anaanza na watoto ili awahi kanisa linalofuata, na matumbo ya mbuzi hayaoshwi haraka, labda kama anataka kula nyasi. Akaanza tena kubembeleza. Nikamuuliza swali moja tu: wa kwanza alilia namna gani? Halafu akaniuliza begi la mtoto liko wapi, alipange.

Asubuhi nilivaa gauni langu la buluu, nikafunga kilemba, nikamvisha mtoto nguo yake nyeupe. Nilipofungua mlango nikakuta beseni. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, na matumbo yake yalikuwa kwenye beseni kubwa lililowekwa sawasawa kwenye kizingiti changu, yanatoa mvuke. Sijui aliyeliweka pale ni nani. Shemeji alikuwa mbali kidogo, kifua wazi, anachuna ngozi, na mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono nyuma. Watu wote walikuwa na kazi na wote walikuwa wananitazama.

Niliinua pindo la gauni, nikaruka lile beseni.

Shemeji aliuliza, akicheka kicheko kisichojua kiende wapi, sasa hii nani ataosha. Nikamwambia maji yako kwenye tangi, chumvi iko rafuni, na sufuria zote zimejaa, asiwe na wasiwasi, hakuna atakayekufa njaa. Mama mkwe hakucheka.

"Nyar Kuria," akasema, "mwanamke haruki chakula."

"Basi, Mama, kisiwekwe mlangoni kwangu."

Tukatoka. Mume wangu alibeba mtoto na begi, wa kwanza akashika mkono wangu, na njia nzima sikugeuka nyuma. Sitadanganya kwamba nilikuwa natembea kwa madaha. Nilikuwa nawaza nitarudi vipi kwenye lile boma, nitakalia kiti gani, nani atakula chakula changu. Lakini miguu ilikuwa inakwenda, na mimi nikaiacha iende.

Kanisa lilikuwa limejaa, na wengi waliobeba watoto wa kubatizwa walikuwa akina baba, mabibi wazee kabisa, na mashangazi wasioolewa. Sikuwahi kujua hilo, kwa sababu sikuwahi kuwepo. Akina mama wa wale watoto nilijua walipo. Ningeweza kukuonyesha moshi wao ukitazama dirishani.

Tulikuwa kwenye wimbo wa pili nilipomwona mama mkwe mlangoni. Amefunga kitambaa chake cha akina mama wa kanisa, kimekaa upande, na majivu yako kwenye kiwiko. Alikuwa anatazama benchi moja baada ya jingine. Nikajua amekuja kunitoa. Nikashika benchi la mbele yangu kwa mikono miwili, nikajiambia akinivuta nitapiga nduru kushinda ile yake, hapa hapa, mbele ya kasisi na malaika wake.

Alinisukuma kwa nyonga nisogee, akaketi. Alikuwa anahema. Alinuka moshi. Hakunitazama, alikuwa anatazama mbele, pale palipowekwa meza na bakuli la maji, na watoto wakianza kuitwa. Kisha akaniinamia.

"Ni sasa?" akauliza.

Sikumwelewa. Nikamuuliza sasa nini.

"Maji. Wanatia sasa, ama wanaomba kwanza?"

Mama mkwe yuko kwenye lile kanisa tangu aolewe. Amepika kila karamu yake, amefua vitambaa vya meza ile, anajua kila wimbo bila kitabu. Nikamgeukia nikamtazama vizuri. Nikamwambia sijui, Mama, nami ni mara yangu ya kwanza. Akatikisa kichwa polepole. Tukakaa hivyo, wawili tusiojua, tukingoja kuona kitakachofanywa.

Jina la mtoto wetu likaitwa. Mume wangu akainuka, nami nikainuka, na mama mkwe akainuka bila kuitwa na mtu. Kasisi alichota maji kwa kiganja akamwagia mara tatu. Mtoto hakulia. Alifumba macho, akashtuka, kisha akatoa ulimi akayaonja yale maji yaliyokuwa yakimshuka puani, akatutazama kama anayetaka mengine. Watu wa mbele walicheka. Niliona yote. Niliona hadi tone lililobaki kwenye kope.

Tuliporudi kwenye benchi mama mkwe alinyoosha mikono, nikampa mtoto. Alimpakata akiwa amelowa vilevile, kifua chake kikalowa pia, hakujali. Alipitisha kidole kwenye ile lesi ya shingoni iliyojaa maji, akakitazama kidole chake.

"Wangu ni saba," akasema. "Wote nililetewa wakiwa wamekauka."

Nilitaka kulia, na nilitaka kutoka nje nikavunje kitu, na sikufanya lolote, nilikaa karibu naye bega kwa bega. Nilikuwa na hasira, si yake tena. Hasira ile ninayo hadi leo, na sina mpango wa kuitua.

Wimbo uliofuata ulikuwa haujafika katikati simu yake ikaanza kulia ndani ya gauni. Ni kale kasimu kadogo ka vitufe ambako hubeba kila mahali, watoto wake wakimwita aitike, na sijawahi kuona ikilia asiipokee. Aliitoa akaisogeza mbali na macho asome. Alikuwa ni shemeji, na nadhani sote wawili tulijua anatafuta nini. Watu waligeuka kututazama. Mama mkwe alimhamishia mtoto kwenye paja la pili, akaniwekea simu mkononi, bado inalia.

"Nionyeshe," akasema, "hii inazimwa wapi."